Simu yapaka rangi, mkono wa mtoto walala

MTOTO wa miaka mitatu ameketi kwenye kochi sebuleni, simu ya mamake iko mapajani. Kwenye kioo kuna picha ya ndovu. Mtoto anagusa rangi ya samawati, kisha anagusa sikio la ndovu, na sikio zima linageuka samawati papo hapo. Anagusa mkonga, unakuwa mwekundu. Kufumba na kufumbua ndovu amekamilika na hakuna rangi hata chembe iliyovuka mstari. Simu inapiga makofi na kurusha nyota. Wageni wanaletewa simu waone wenyewe. "Huyu atakuwa msanii," anasema mjomba.

Januari ikifika, mtoto huyo huyo anapelekwa shuleni kuanza PP1. Mwalimu anampa krayoni na karatasi yenye picha ya ndovu. Mtoto anaikamata krayoni kwa ngumi kama mtu aliyeshika mwiko wa ugali. Anaiburuta mara mbili tatu, mstari unatoka hafifu, karatasi inateleza kwa sababu mkono wa pili haujui kazi yake ni kuishikilia. Baada ya dakika chache mkono umechoka. Anaisukuma karatasi kando na kuanza kulia.

Je, yule msanii wa sebuleni amepotelea wapi?

Jibu ni kwamba hakuwepo. Aliyempaka rangi yule ndovu ni simu. Mtoto alichagua tu, na kuchagua ni jambo jema, lakini si kuchora. Wazazi wengi wa mijini hawajaitambua tofauti hii, na wanaogharamika ni watoto ambao mikono yao ilikuwa na miaka mitano tu ya kujiandaa kwa penseli.

Mkono hukomaa polepole

Mkono wa mtoto mchanga hauji duniani ukiwa tayari kuandika. Mtoto wa mwaka mmoja hushika kitu cha kuchorea kwa kiganja kizima, na mwendo wote hutoka begani. Kati ya miezi 15 na 18 huanza kuchorachora ovyo, mistari ya kwenda na kurudi isiyo na maana kwa mtu mzima lakini yenye maana kubwa kwake, kwa maana ndiyo mara ya kwanza anaona kwamba mwendo wa mkono wake unaacha alama. Akiwa kati ya miaka miwili na mitatu, vidole huanza kuelekea chini kwenye krayoni. Karibu na umri wa miaka minne wengi huanza kuishika kwa vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati. Ukomavu wa mshiko huo huchukua muda zaidi, wakati mwingine hadi miaka sita.

Michoro nayo ina ngazi zake. Kwa kawaida mtoto wa miaka mitatu huweza kuiga duara, wa miaka minne huiga msalaba, na wa miaka mitano huiga pembetatu. Mraba hukaa hapo katikati. Mtu wa kwanza kuchorwa na mtoto huwa kichwa kikubwa chenye miguu inayotokea kidevuni, bila tumbo. Usimcheke wala usimsahihishe. Mwalimu mmoja Mmarekani, Rhoda Kellogg, alikusanya michoro ya watoto kwa miaka mingi, ikafikia kiasi cha milioni moja, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1969 alieleza kwamba hata michorochoro ile ya ovyo ina mpangilio: alihesabu aina 20 za msingi ambazo watoto huzirudia kabla ya kufikia maduara na watu.

Sasa tazama kinachofanyika mtoto anapopaka rangi kwa krayoni. Lazima abonyeze. Akibonyeza kidogo rangi haionekani, akibonyeza mno krayoni inakatika. Karatasi inakwaruza na kuurudishia mkono habari. Mkono wa kushoto unashikilia karatasi huku wa kulia ukifanya kazi, au kinyume chake kwa wanaotumia mashoto. Kifundo cha mkono kinainuka kidogo ili vidole vipate nafasi. Jicho linaufuata mstari na kuuonya mkono usimame kabla ya kuvuka. Misuli midogo iliyo ndani ya kiganja, ile ambayo baadaye itafunga vifungo vya shati, kukaza kamba za viatu na kuandika insha ya kurasa mbili, inafanya mazoezi bila mtoto kujua kwamba anafanya mazoezi.

Kioo cha simu hakimpi lolote kati ya hayo. Ni laini kila mahali. Ukigusa kwa nguvu au kwa ulaini, rangi inayotoka ni ile ile. Mara nyingi kidole kimoja kinatosha, na mkono wa pili unaweza kuendelea kula biskuti. Katika programu nyingi za kupaka rangi zenye picha tayari, mguso mmoja unajaza eneo zima, na mtoto hana njia ya kukosea hata akitaka. Akibadili nia kuna alama ya kufuta, na kosa linatoweka kana kwamba halikutokea. Kwenye karatasi, mstari uliokwenda upogo unabaki, na mtoto inabidi aamue la kufanya nao. Wengine huugeuza kuwa mkia.

Wasemavyo watafiti

Mwaka 2017 kulichapishwa matokeo ya utafiti kutoka Taiwan. Watoto wa umri wa chekechea ambao hawakuwa na mazoea ya tabuleti waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilifanya michezo kwenye tabuleti, jingine likafanya michezo ya vitu vya kushikwa kwa mikono, kwa muda wa wiki 24. Mwishoni, waliochezea vitu halisi walikuwa wamepiga hatua zaidi katika wepesi wa vidole na usahihi wa mikono kuliko wenzao wa tabuleti. Halikuwa jambo la kustaajabisha, lakini ni vizuri limepimwa.

Utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, unamhusu moja kwa moja mzazi anayefikiria juu ya kusoma. Watoto wa miaka mitano hivi ambao hawajajua kusoma walifunzwa herufi kwa njia tatu: kuzichora wenyewe kwa mkono, kufuatisha mistari ya nukta, na kuzibonyeza kwenye kibodi. Kisha ubongo wao ulipigwa picha wakiwa wanaziangalia herufi. Sehemu za ubongo ambazo mtu mzima huzitumia kusoma ziliamka kwa herufi ambazo mtoto alizichora mwenyewe. Kwa zile za kubonyeza na za kufuatisha nukta haikuwa hivyo. Inaelekea kwamba ule upogo wenyewe, herufi inayotoka leo na kiuno na kesho bila kiuno, ndio unaomfundisha mtoto umbo la herufi ni lipi.

Hata hivyo si haki kuipaka simu matope yote. Watafiti wa Birkbeck, London, waliwahoji wazazi na mwaka 2016 wakaeleza kwamba watoto wadogo walioanza mapema kuvuta picha kwa kidole kwenye kioo walikuwa pia wameanza mapema kupanga vibao vya kuchezea kimoja juu ya kingine. Hiyo haina maana kwamba kioo ndicho kiliwafundisha. Yawezekana mtoto mwenye vidole vyepesi hupenda vyote viwili. Lakini inaonyesha kwamba kugusa kioo peke yake hakuui mkono. Mwaka uliofuata watafiti hao walitoa matokeo mengine kutoka kwa wazazi 715 wa watoto wa miezi 6 hadi 36: kila saa moja zaidi ya kutumia kioo cha kugusa kwa siku iliambatana na upungufu wa usingizi wa dakika 15 na ushei. Dakika 15 ni kitu kidogo kwa mtu mzima. Kwa mtoto anayekua si kitu kidogo.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hatari kubwa haipo katika kile ambacho simu inafanya, bali katika kile ambacho simu inakizuia kufanyika. Nusu saa ya kumgusagusa ndovu ni nusu saa isiyotumika kuchora kwa chaki barazani. Na nyumbani mwetu mijini, ambako nafasi ni chumba kimoja au viwili na uwanja wa kucheza umegeuzwa kuwa maegesho ya magari, nusu saa hiyo huzaa nyingine bila mtu kuhesabu.

Hofu ya kuachwa nyuma

Mzazi atauliza: je, mtoto asipozoea vifaa hivi mapema, hatabaki nyuma? Serikali yenyewe ilianza kusambaza tabuleti kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za umma mwaka 2016, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019 unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa msingi.

Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina msingi mkubwa kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Kuvuta kidole kwenye kioo hujifunzwa alasiri moja; hata nyanya aliyekuja kutoka mashambani hujifunza. Kushika penseli huchukua miaka. Kati ya mambo mawili, lililo refu ndilo la kuanza nalo.

Wala programu za kuchora si uvumbuzi wa jana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mhadhiri Mmarekani aitwaye Craig Hickman alimwona mwanawe wa miaka mitatu akihangaika na programu ya kuchora iliyotengenezewa watu wazima. Akamtungia yake, akaiita Kid Pix, nayo ikaanza kuuzwa na kampuni mwaka 1991. Kilichoifanya ipendwe ni kwamba ilimpa mtoto ukurasa mtupu na vifaa vya kuchezea. Haikumpa ndovu aliyekwisha kuchorwa.

Hapo ndipo penye kipimo cha kuchagua programu. Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza inampa mtoto picha tayari na kumtaka ajaze rangi kwa mguso. Ya pili inampa ukurasa mweupe, kalamu chache na rangi, kisha inanyamaza. Kama ni lazima mtoto apewe simu, mpe ya aina ya pili. Mwanzoni ataona si tamu kama ile yenye nyota na makofi. Mwache. Baada ya siku chache atachora duara, atie macho mawili, na kukuambia ni wewe.

Bure ghali

Kuna jambo jingine ambalo wazazi huwa hawalioni mpaka wakae karibu. Programu nyingi za kupaka rangi hupatikana bure, na kitu cha bure lazima mtu fulani akilipie. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walizichunguza programu 135 zinazotumiwa na watoto wa miaka mitano na chini, na katika ripoti iliyotoka mwaka 2018 walikuta matangazo ya aina fulani katika asilimia 95 ya programu hizo. Mengine yalikuwa wazi. Mengine yalijificha ndani ya mchezo wenyewe: mhusika wa katuni anayemhimiza mtoto anunue kitu, au picha nzuri zilizofungwa kwa kufuli mpaka utazame video ya tangazo.

Mtoto wa miaka mitatu hajui kutofautisha tangazo na mchezo. Kwake yeye alama ya X ndogo pembeni haipo. Atagusa kila kinachong'aa, na kugusa huko kunaweza kumfikisha kwenye video asizopaswa kuziona au kwenye ukurasa wa kununua. Bando nalo linaisha kimyakimya. Dawa yake ni nyepesi: zima data na Wi-Fi kabla ya kumpa simu. Programu nzuri ya kuchora haihitaji intaneti. Ikikataa kufunguka bila mtandao, ifute. Simu za Android na za iPhone pia zina mpangilio wa kuifunga programu moja kwenye kioo ili mtoto asiweze kutoka kwenda kwingine. Uutafute kwenye mipangilio ya simu na uuwekee namba ya siri ambayo mtoto haijui. Na ile ya M-Pesa asiijue kabisa, maana watoto hukariri kwa macho kuliko tunavyodhani.

Tena, programu ya kupaka rangi haina sababu ya kutaka kujua uko wapi, wala kusikiliza kipaza sauti chako, wala kusoma majina ya watu ulio nao kwenye simu. Ikiomba, kataa. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, lakini sheria haikai sebuleni kwako. Wewe ndiye unayekaa.

Saa ngapi?

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mwezi wa Aprili 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na hata yule wa mwaka mmoja, kioo hakipendekezwi kabisa. Kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua hapo ni bora zaidi. Saa hiyo moja ni ya vioo vyote vikijumlishwa, yaani katuni za televisheni, simu ya mama na tabuleti ya binamu. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 na angalau dakika 180 za kujongeajongea kila siku. Ukiipanga siku kuanzia usingizi na michezo, utaona kioo kinabakiwa na kipande kidogo bila ugomvi.

Kwa macho, jambo lililo wazi ni mwanga wa nje. Huko Guangzhou, Uchina, wanafunzi wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule walipata tatizo la kutoona mbali kwa uchache kuliko wenzao, kama ilivyoripotiwa mwaka 2015. Basi akishamaliza kuchora, iwe kwa simu au kwa krayoni, atoke nje.

Vifaa vya bei ya chini

Huna haja ya kununua vitu vya duka kubwa. Pakiti ndogo ya krayoni hupatikana kwenye kioski cha vitabu, na zikivunjika usizitupe. Kipande kifupi, cha urefu wa kidole kidogo cha mtoto, ni bora kuliko krayoni nzima, kwa sababu hakiwezi kushikwa kwa ngumi. Lazima vidole vitatu vifanye kazi. Wataalamu wanaowafunza watoto wenye udhaifu wa mikono hutumia hila hii. Karatasi ni upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka jana, boksi la unga lililopasuliwa, hata pambizo za gazeti hili ukishalisoma. Bandika karatasi ukutani kwa gundi ya utepe, mtoto achore akiwa amesimama: bega linapata nguvu na kifundo cha mkono kinajiweka mahali pake chenyewe. Chaki kwenye sakafu ya saruji huondoka kwa maji. Kijiti kwenye vumbi hakina gharama.

Jikoni nako kuna shule. Siku ya chapati mkatie kipande cha unga uliokandwa, akifinyange apendavyo. Mketishe karibu nawe mkichambua maharagwe. Kuokota kijiwe kwa gumba na kidole cha shahada ndio mshiko wa penseli wenyewe. Akianza nasari, mwache ajifunge vifungo vya sweta hata kama matatu ya shule inapiga honi. Ni dakika mbili.

Akikuletea mchoro, epuka kusema "vizuri" na kurudi kwenye shughuli zako. Keti naye uulize: huyu ni nani, anaenda wapi, mbona ana vidole saba? Lugha hukua hapo. Jambo hili hufaa pia kwenye simu, na ndiyo sababu dakika 20 za mzazi na mtoto wakichora pamoja kwenye kioo kimoja si sawa na dakika 20 za mtoto peke yake huku mzazi akiosha vyombo. Ukipata kalamu maalumu ya kuandikia kwenye kioo, mpe aitumie badala ya kidole; angalau atakuwa ameshika kitu.

Wapo watoto ambao kwao programu hizi ni msaada wa kweli. Mtoto aliyezaliwa na ulemavu unaomnyima nguvu za mikono anaweza kuchora kwenye kioo mstari ambao krayoni ingemkatalia, na mtoto aliyelazwa wodini na mkono mmoja wenye sindano ya maji anaweza kujisahaulisha maumivu. Kadhalika safari ya usiku ya basi kwenda Kisumu au Mombasa ina sheria zake, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu mama aliye peke yake na watoto wawili. Tunachozungumzia hapa ni mazoea ya kila siku.

Wakati wa kumwona daktari

Si kila mkono mzito umesababishwa na simu, na mzazi asijilaumu kabla ya mtoto kuchunguzwa. Mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kufikisha mwaka mmoja na nusu, na kuuacha wa pili ukining'inia au ukiwa umekunja ngumi, apelekwe kliniki. Huenda ule wa pili una udhaifu. Vilevile mtoto wa miaka minne asiyeweza kuiga duara, au anayeepuka kabisa kazi za vidole hata baada ya majuma kadhaa ya kupewa nafasi, au aliyekuwa akijua jambo kisha akalipoteza. Nenda na kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto ulichopewa kliniki, chenye ukurasa wa hatua za ukuaji, na ubebe pia karatasi tatu nne alizochora nyumbani, kila moja ikiwa na tarehe. Zitamweleza muuguzi mengi kuliko picha uliyoihifadhi kwenye simu.